Maziwa ya mpakani: Moto unaua vijidudu, hauondoi sumu

Kuanzia Busia na Malaba hadi Namanga, Mutukula, Rusumo na Rubavu, maziwa ni miongoni mwa bidhaa zinazouzwa kila siku na kuharibika kila siku. Lori la mahindi likichelewa kuvuka, mzigo unaweza kusubiri hadi kesho. Maziwa hayasubiri. Jua likipanda na foleni ikiwa haijasogea, mchuuzi anaanza kunusa dumu lake.

Hasara ya aina hiyo inaonekana mara moja: maziwa yamechacha, fedha imekwenda. Ipo hasara nyingine ambayo haionekani mpakani. Hujitokeza wiki kadhaa baadaye, nyumbani kwa mteja au nyumbani kwa mfanyabiashara mwenyewe, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuonja mzigo, na yanayobaki jioni hunywewa na watoto wake.

Wengi wanaofanya biashara hii wanaamini kwamba maziwa yakichemshwa yamekuwa salama. Imani hiyo ina ukweli, lakini si wote. Moto wa kutosha huua vijidudu vinavyoleta brusela, kifua kikuu cha ng'ombe na magonjwa ya kuhara. Moto huohuo hauondoi sumukuvu, hauondoi mabaki ya dawa za mifugo, wala hauondoi kemikali iliyotiwa na mtu mwenye tamaa. Mfanyabiashara anayeijua tofauti hiyo anajua anunue wapi, abebe kwa chombo gani, na mzigo gani aukatae kabla hajafungua pochi.

Faida ambayo haina ubishi

Maziwa ni chakula chenye mengi kwa bei ambayo familia nyingi zinaimudu. Glasi moja ya mililita 250 ya maziwa ya ng'ombe yasiyoongezwa maji ina takriban gramu 8 za protini na miligramu 300 za kalsiamu, ambayo ni karibu theluthi moja ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Ndani yake mna pia fosforasi, vitamini A, vitamini B2 na vitamini B12. Hii ya mwisho haipatikani katika ugali, maharage wala mboga za majani, na upungufu wake hudhuru damu na mishipa ya fahamu.

Kati ya mwaka 1998 na 2000, huko Embu nchini Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 500 wa shule za msingi 12. Baadhi yao walipewa githeri iliyoongezwa nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa chochote. Vitamini B12 iliongezeka kwa watoto waliopata nyama na waliopata maziwa. Miongoni mwa waliopata maziwa, watoto waliokuwa wamedumaa walirefuka zaidi. Lakini katika jaribio la kupima uwezo wa kufikiri, walioongoza ni wale wa nyama. Maziwa yanajenga mwili, ila hayawezi kuwa chakula pekee.

Upungufu wake mkubwa ni madini ya chuma. Mtoto mdogo anayeshibishwa maziwa ya ng'ombe kutwa nzima, hadi akakosa nafasi ya chakula kingine, anaweza kupata upungufu wa damu huku mzazi akidhani anamlisha vizuri. Kwa miezi 6 ya kwanza ya maisha, ushauri wa Shirika la Afya Duniani haujabadilika: maziwa ya mama pekee, bila maji wala maziwa ya mnyama yeyote.

Kwa watu wazima, mazungumzo yamehamia kwenye mafuta. Siagi, samli na krimu zina mafuta mengi ya aina inayopandisha lehemu mbaya katika damu, hivyo mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo hana budi kuzitumia kwa kiasi. Mtindi na maziwa ya kawaida hayajaonyesha madhara ya namna hiyo yakitumiwa kwa kiasi. Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, ulieleza kuwa bidhaa za maziwa huenda zinapunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Ripoti hiyohiyo iliona dalili hafifu kwamba ulaji mkubwa wa bidhaa hizo unaweza kuongeza hatari ya saratani ya tezi dume. Aidha, yogati nyingi za vikombe zenye ladha ya stroberi au vanila zina sukari nyingi ya kuongezwa, na mwenye kisukari anapaswa kuzihesabu kama kinywaji kitamu.

Tumbo linapokataa

Wapo wanunuzi wanaolalamika kwamba maziwa yamewaharisha, na mchuuzi hulaumiwa kwa uchafu. Wakati mwingine maziwa yalikuwa safi kabisa. Tatizo ni sukari ya asili ya maziwa, yaani laktosi. Ili imeng'enywe, utumbo unahitaji kimeng'enya kiitwacho laktasi. Watoto wachanga karibu wote wanacho, lakini kwa watu wazima takriban theluthi mbili duniani, hupungua. Laktosi isiyomeng'enywa huchachuka tumboni na kuleta gesi, maumivu na kuhara.

Katika ukanda huu hali inatofautiana kati ya jamii na jamii. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha matokeo ya kuwachunguza watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waligundua mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha watu wazima kuendelea kumeng'enya maziwa, ambayo ni tofauti na yale ya Wazungu, na yalienea kwa kasi katika jamii za wafugaji ndani ya miaka 7,000 iliyopita. Kwa hiyo Mmasai anayekunywa lita nzima na jirani yake mkulima anayevimbiwa kwa glasi moja wote wana miili yenye afya. Wamerithi matumbo tofauti.

Dawa ya tatizo hilo wazee waliijua zamani. Mtindi wa Tanzania, maziwa lala na mursik ya Kenya, bbongo ya Uganda na ikivuguto ya Rwanda vyote ni maziwa ambayo bakteria wazuri wameshakula sehemu ya laktosi yake. Mtu asiyeweza maziwa freshi mara nyingi huweza mtindi bila shida. Jibini iliyokomaa, mfano ile ya Masisi inayouzwa Goma, ina laktosi kidogo zaidi. Mfanyabiashara anayebeba mtindi sambamba na maziwa freshi anawafikia wateja ambao mwenzake amewapoteza.

Mzio wa maziwa ni jambo lingine. Mwenye mzio hudhurika na protini ya maziwa, anaweza kuvimba midomo au kubanwa pumzi, na mtindi hautamsaidia.

Homa inayodhaniwa malaria

Katika magonjwa yanayobebwa na maziwa mabichi, brusela ndiyo inayowasumbua zaidi watu wa biashara hii. Wafugaji wengi wanaujua kama ugonjwa wa kutupa mimba, kwa kuwa ng'ombe, mbuzi au ngamia aliyeambukizwa huharibu mimba. Vijidudu vyake hutoka katika maziwa, damu na kondo la nyuma. Binadamu huvipata kwa kunywa maziwa mabichi, kula jibini mbichi, au kushika uchafu wa uzazi wa mnyama kwa mikono mitupu.

Dalili huanza wiki 2 hadi 4 baada ya kuambukizwa, na wakati mwingine huchelewa miezi. Homa hupanda na kushuka, jasho la usiku hulowesha shuka, viungo na mgongo huuma, mwili huchoka bila sababu. Mgonjwa hununua dawa ya malaria, haponi. Anapewa ya homa ya matumbo, haponi. Anazunguka hivyo kwa miezi, mtaji unaisha, na ugonjwa unaweza kushuka kwenye uti wa mgongo, korodani au moyo. Kwa mama mjamzito unaweza kuharibu mimba.

Brusela inatibika. Matibabu ya kawaida ni dawa mbili kwa pamoja, zikitumiwa kwa wiki 6 bila kukatisha. Kinachochelewesha watu ni kutotajwa. Mchuuzi wa maziwa, mkamuaji au dereva wa gari la mifugo mwenye homa isiyoisha anapaswa kumwambia mganga waziwazi kazi anayofanya na kwamba anakunywa au kushika maziwa mabichi. Sentensi hiyo moja huweza kubadili kipimo kinachoandikwa.

Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita kwenye maziwa. Mara nyingi hakianzii mapafuni bali kwenye tezi za shingo au tumboni, na dawa mojawapo inayotumika kwa kifua kikuu cha kawaida haikiwezi. Salmonela na aina kali za bakteria wa kinyesi huleta kuharisha kunakoweza kumuua mtoto. Listeria huwa hatari kwa wajawazito. Wakati wa mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2006 na 2007, uliopoteza maisha ya watu zaidi ya 300 Kenya, Somalia na Tanzania, maziwa mabichi yalikuwa miongoni mwa vitu ambavyo wananchi walionywa kuviepuka, ingawa wengi waliambukizwa na mbu au kwa kuchinja.

Onyo hilo linahusu pia maziwa ya ngamia, yanayosafirishwa kila siku kutoka Isiolo hadi Eastleigh jijini Nairobi. Yana vitamini C nyingi kuliko ya ng'ombe. Sifa kwamba yanatibu kila maradhi hazijathibitishwa, na hayachukui nafasi ya dawa za kisukari.

Kuchemsha kunakotosha

Viwandani maziwa hupashwa moto wa nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa haraka. Yale ya pakiti yanayokaa miezi bila jokofu hupitishwa kwenye nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache. Jikoni hakuna kipimajoto, lakini maziwa yaliyochemka kweli, yakapanda hadi juu ya sufuria huku yakikorogwa, yamevuka viwango hivyo viwili vya kwanza. Hata katika miji ya miinuko kama Kabale na Musanze, ambako maji huchemka karibu nyuzi 93 au 94, moto huo unatosha.

Hofu kwamba kuchemsha kunaharibu maziwa ni kubwa kuliko ukweli. Hupotea sehemu ya vitamini C, ambayo ilikuwa kidogo tangu awali, na sehemu ndogo ya vitamini za kundi B. Protini na kalsiamu hubaki.

Kosa hufanyika baadaye. Maziwa yaliyochemshwa yakimiminwa kwenye chombo kilichosuuzwa kwa maji machafu, vijidudu huanza upya, tena havina mshindani. Yafunikwe, sufuria iwekwe ndani ya beseni la maji baridi yapoe haraka, na yahifadhiwe katika chombo kilichooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyochemka.

Mtindi nao una kanuni yake. Wengi wanaamini kwamba ukali wake unaua vijidudu. Ukali huo hupunguza baadhi, lakini brusela na kifua kikuu vinaweza kuishi humo kwa siku nyingi. Mtindi salama hutokana na maziwa yaliyochemshwa kwanza, yakapoa, ndipo yakatiwa kimea au mtindi safi wa jana. Mtindi uliogandishwa kwa kuyaacha maziwa mabichi kwenye kibuyu una hatari zilezile za maziwa mabichi.

Sumu isiyosikia moto

Wafanyabiashara wa nafaka hawajasahau Machi 5, 2021, siku ambayo Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mipakani. Siku chache baadaye katazo liliondolewa kwa masharti, likiwemo la cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Hofu hiyo ilikuwa na historia. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye ukungu yaliwaugua watu 317 na kuwaua 125.

Kilichozungumzwa kidogo ni kwamba sumu hiyohiyo huingia kwenye maziwa. Ng'ombe akila mahindi yaliyooza, pumba zenye ukungu au mashudu yaliyohifadhiwa kwenye unyevu, mwili wake huigeuza sehemu ya sumukuvu kuwa aina nyingine inayotoka kwenye kiwele ndani ya siku moja. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kuchemsha hakuiondoi, wala kuyafanya maziwa kuwa mtindi, jibini au unga. Ikinywewa kidogo kidogo kwa miaka hudhuru ini na huongeza hatari ya saratani yake, na watoto, ambao kwa uzito wao ndio wanywaji wakubwa, hubeba mzigo mzito zaidi. Kikomo kinachotumiwa na viwango vya kimataifa vya chakula ni mikrogramu 0.5 kwa kilo ya maziwa. Umoja wa Ulaya umeweka 0.05, mara 10 chini ya hapo.

Chanzo chake ni mazoea. Gunia likioza, mtu husema ni la ng'ombe. Mahindi yaliyokataliwa kuliwa na watu yakiuzwa kwa bei ya kutupa kama chakula cha mifugo, sumu iliyozuiwa mlangoni inaingia kupitia dirishani. Habari njema ni kwamba ng'ombe akibadilishiwa chakula na kupewa kisafi, sumu katika maziwa yake hushuka ndani ya siku chache. Kwa hiyo mchuuzi anayemuuliza mfugaji ng'ombe anakula nini, na kuingia hadi stoo kuangalia magunia, anafanya kazi ambayo hakuna sufuria inayoweza kumfanyia.

Mabaki ya dawa ni ya kundi hilohilo. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele akichomwa antibayotiki, dawa hutoka kwenye maziwa kwa siku kadhaa. Kila chupa ya dawa ina maelezo ya muda wa kusubiri kabla ya kuuza maziwa. Kwa dawa nyingi ni saa 72 au zaidi. Mfugaji asiyesubiri anamuuzia mteja dawa bila cheti cha daktari. Mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika, na vijidudu vinavyozoea dawa vinakuwa vigumu kutibika. Hasara nyingine ni ya mtengeneza mtindi: bakteria wazuri wanauawa, na lita zote alizonunua hazigandi.

Sumu ya tatu ni ya vijidudu vyenyewe. Aina fulani ya bakteria waishio kwenye ngozi na majipu huacha sumu ndani ya maziwa yaliyokaa muda mrefu kwenye joto. Yakichemshwa jioni, bakteria hufa lakini sumu yao inabaki, na wanywaji hutapika ndani ya saa chache. Maziwa yaliyokwisha kuharibika hayafufuliwi na jiko.

Mkono wa mtu

Joto na umbali huwasukuma baadhi ya watu kwenye njia za mkato. Wapo wanaotia formalini, ile inayohifadhi maiti, ili maziwa yafike bila kuganda. Wapo wanaotia dawa ya kuua vijidudu ya peroksidi, magadi ya kuficha uchachu, au unga wa kurudisha uzito baada ya kuongeza maji. Formalini hutoa kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hakuna nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inayoruhusu ichanganywe na chakula, na anayekamatwa nayo hawezi kujitetea kuwa alitaka kuokoa mtaji.

Maji yanaonekana kuwa kosa dogo. Lakini mteja analipia protini asiyoipata, na maji ya mto au kisima yanaweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo kwenye chakula ambacho kilikuwa safi.

Dumu la plastiki lililowahi kubeba mafuta ya kula ni adui mwingine. Shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii kusugua, na mikwaruzo ya ndani huhifadhi mabaki ambayo maji ya moto hayayafikii. Ndiyo maana mamlaka za maziwa katika nchi za ukanda huu zinasisitiza vyombo vya alumini au chuma kisichoshika kutu, vyenye mdomo mpana na mfuniko. Bei yake ni kubwa mwanzoni. Baadhi ya bakteria wakipata joto zuri huongezeka maradufu kila dakika 20. Kwa mwendo huo kimoja kilichobaki kwenye mkwaruzo kinazaa zaidi ya 32,000 ndani ya saa 5, muda ambao foleni ya mpakani inaweza kuula bila taabu.

Vipimo vya kijiweni

Mchuuzi hahitaji maabara ili kukataa maziwa mabaya. Kwanza ni macho na pua: rangi, uchafu unaoelea, harufu ya moshi, ya dawa au ya uchachu. Pili ni kuchemsha kidogo kwenye kijiko au kikombe. Yakikatika, yameshaanza kuchacha. Tatu ni kipimo cha pombe: maziwa na pombe ya asilimia 70 hivi kwa kiasi sawa, vikitikiswa pamoja. Vikifanya mabonge, maziwa hayatastahimili safari wala moto wa kiwandani.

Nne ni laktomita, kifaa cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa maziwa. Kwa nyuzi 20 za joto, maziwa mazima hayashuki chini ya 1.028. Yakishuka, maji yameingia. Lakini kifaa hiki hudanganywa: muuzaji akiondoa krimu kwanza, maziwa huwa mazito, kisha akaongeza maji, kipimo kinarudi palepale. Anayenunua kwa wingi anahitaji kupima mafuta pia, kazi inayofanywa na vituo vingi vya kukusanyia maziwa.

Kwa wauzaji wa maziwa ya unga, kipimo ni lebo. Baadhi ya mifuko inayouzwa kwa bei nafuu si maziwa kamili. Mafuta ya maziwa yameondolewa na kuwekwa ya mimea, mara nyingi ya mawese. Si sumu, na yanafaa kwenye chai, lakini si chakula cha mtoto mchanga na hayapaswi kuuzwa kwa mama kana kwamba ni maziwa ya kopo ya watoto. Mwaka 2008 nchini China, maziwa ya unga yaliyotiwa melamini ili yaonekane yana protini nyingi yaliwadhuru watoto takriban 300,000, na 6 walikufa. Tangu wakati huo maofisa wa mipakani duniani kote wanauliza maswali mengi zaidi kuhusu mfuko usio na jina la kiwanda, tarehe wala namba ya toleo.

Dirishani mpakani

Nchi za Jumuiya zimekubaliana viwango vya pamoja. Maziwa mabichi ya ng'ombe yana kiwango EAS 67, yaliyopasteurishwa EAS 69, yale ya muda mrefu EAS 27 na yogati EAS 33. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango na ubora inataka bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi mwanachama itambuliwe na nchi nyingine wanachama. Maziwa kutoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa asilimia 60. Yale ya ndani yenye cheti cha uasili hayatozwi ushuru huo.

Mchuuzi mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia Utaratibu Rahisi wa Biashara, ambao humpatia cheti cha uasili hapohapo mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha. Wengi hukosea hapa: cheti hicho kinaondoa ushuru, hakiondoi ukaguzi wa afya. Kibali cha mifugo na cha mamlaka ya maziwa bado vinahitajika, na masharti yake hutofautiana kati ya nchi na nchi, hivyo ni busara kuuliza kwenye dawati la wafanyabiashara wadogo kabla ya kununua mzigo.

Ni kweli pia kwamba hoja ya afya imewahi kutumika katika mivutano ya kulinda masoko. Januari 2020 maofisa wa Kenya walikamata maziwa yaliyotoka Uganda, na Machi 2023 Kenya ilisimamisha uingizaji wa maziwa ya unga ili kuwalinda wakulima wake. Mfanyabiashara mdogo hawezi kumaliza ugomvi wa serikali. Anachoweza ni kutokuwa na doa. Mwenye risiti ya kituo alichonunulia, matokeo ya kipimo, chombo cha alumini na cheti mkononi ana msingi wa kuandika malalamiko kwa kamati ya nchi yake inayoshughulikia vikwazo visivyo vya kiforodha. Mwenye dumu la mafuta lisilo na karatasi hana la kusema, hata kama maziwa yake ni mazuri.

Hapo ndipo afya na biashara zinapokutana. Brusela, kifua kikuu na kuharisha vinamalizwa na moto, chombo safi na ubaridi, na hayo yako mikononi mwa mchuuzi na mteja wake. Sumukuvu, mabaki ya dawa na formalini haviondolewi na yeyote baada ya maziwa kuingia kwenye chombo. Vinazuiwa siku ya kununua, kwa kuuliza ng'ombe alikula nini, alichomwa sindano lini, na kwa kuondoka mikono mitupu pale majibu yasiporidhisha.